Sherehe za Wenye Visima

Wiki ya mwisho ya Julai 1975 wakuu wa nchi za Afrika walishuka Entebbe mmoja baada ya mwingine, wakapandishwa magari mapya yaliyoagizwa kwa ajili yao, wakapelekwa Kampala kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Mwenyeji wao, Idi Amin, alikuwa ametoka kujivika cheo cha Field Marshal. Wageni walilazwa Nile Mansions, hoteli iliyojengwa ubavuni mwa ukumbi wa kimataifa wa mikutano, huku wakazi wa jiji wakihangaikia sukari, chumvi na sabuni kwa bei ya magendo. Maduka ya Wahindi waliofukuzwa 1972 yalikuwa mikononi mwa watu ambao mtaani waliitwa mafutamingi. Julius Nyerere alikataa kuja. Zambia na Botswana nazo zilisusa. Waliokuja walikula, wakapiga picha, wakamkabidhi Amin uenyekiti wa umoja huo.

Miongoni mwa wageni hao alikuwamo Jenerali Yakubu Gowon, mkuu wa Nigeria, na yeye alikuwa na kila sababu ya kukaa kitini kwa raha. Vita vya Biafra alivimaliza Januari 1970. Kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974 bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne, na fedha zikamiminika Lagos kuliko hesabu za hazina zilivyozoea. Tayari Januari 1973 alikuwa ameandaa Michezo ya Afrika katika uwanja mpya wa Surulere. Kampala iliikumbuka michezo hiyo kwa jambo jema: askari polisi wa Uganda, John Akii-Bua, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki Munich 1972 kwa kukimbia mita 400 za viunzi kwa sekunde 47.82, alikwenda Lagos akaondoka na dhahabu nyingine. Na sasa Gowon alikuwa anaandaa sherehe kubwa zaidi, tamasha la sanaa na utamaduni la watu weusi wa dunia nzima, lililopangwa kufanyika mwishoni mwa 1975.

Tarehe 29 Julai, mkutano wa Kampala ukiwa bado unaendelea, redio ya Lagos ilitangaza kwamba Gowon si mkuu wa nchi tena. Aliyesoma tangazo alikuwa Kanali Joseph Garba, kamanda wa kikosi cha walinzi wake mwenyewe. Gowon hakurudi nyumbani. Alipitia Togo, akaenda Uingereza, akajiandikisha Chuo Kikuu cha Warwick kusoma sayansi ya siasa kama kijana aliyemaliza shule juzi.

Sababu za mapinduzi yale zilikuwa nyingi. Alikuwa ameahidi kurudisha utawala kwa raia, kisha akaahirisha. Lakini kama unataka kuona kwa macho jinsi serikali yake ilivyokuwa ikishika fedha, tazama bandari ya Lagos mwaka ule. Serikali iliagiza tani milioni 20 hivi za saruji, mzigo ambao bandari ile isingeumaliza kwa miaka mingi hata ingefanya kazi usiku na mchana. Mamia ya meli zilitia nanga nje ya bandari zikisubiri zamu. Saruji ilishika unyevu ikagandia ndani ya matumbo ya meli, na kila siku meli iliyosubiri ilidai fidia ya kucheleweshwa. Wapo wenye meli kuukuu waliozipeleka Lagos makusudi, si kwa ajili ya kupakua chochote, bali kwa ajili ya fidia hiyo. Nchi ilikuwa inalipa ili saruji yake igeuke jiwe baharini.

Waliompindua Gowon waliliahirisha tamasha, hawakulifuta. Lilifanyika Januari na Februari 1977, kwa fahari yote, katika jumba jipya la maonyesho ambalo mchoro wake uliigwa kutoka jumba la utamaduni na michezo la mji wa Varna, Bulgaria. Miaka ilivyopita, bei ya mafuta ikashuka, na ule uwanja wa Surulere aliposhindia Akii-Bua ukaachwa ukachakaa, nyasi zikaota pasipopaswa, biashara ndogondogo zikauzunguka.

Kisa hiki kingeweza kuachwa kwa Wanigeria wenyewe, ila kina wenzake wengi, na sasa kinaikaribia Kampala kwa upande wa pili. Uganda ya 1975 haikuwa na mafuta. Ilialika kwa fedha za kahawa na za kuchapisha noti. Uganda ya leo ina visima. Na kama wenye visima wote, imeshaanza kualika. Kabla hatujaulizana kama ni vibaya, tuulize kwanza wenye mafuta huwa wananunua nini wanapoalika dunia kucheza kwao.

Jibu la haraka linapatikana Owino, soko ambalo serikali inaliita Mtakatifu Balikuddembe, mkabala na uwanja wa Nakivubo. Jezi zimening'inizwa kwenye kamba mpaka zinaziba jua. Arsenal, Manchester City, Paris Saint-Germain: zitazame vifuani, usitazame nembo za vilabu. Utasoma majina ya mashirika ya ndege ya Dubai, Abu Dhabi na Doha. Kijana wa bodaboda anayevaa jezi ile kuanzia Wandegeya hadi Ntinda hajawahi kuona jangwa, na huenda hatalipa nauli ya ndege hizo maishani, ila jina la nchi ndogo ya Ghuba limekaa kifuani mwake na yeye ndiye aliyelinunua. Manchester City ilichukuliwa na watu wa Abu Dhabi 2008, Paris Saint-Germain ikachukuliwa na Qatar 2011. Klabu inaleta jina kila wiki. Mashindano makubwa yanalileta mara moja kwa kishindo. Yote ni biashara moja, na bidhaa yake ni kujulikana.

Kujulikana kuna faida gani kwa mtu ambaye tayari ana fedha? Waulize Wakuwait. Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait na kuimeza kwa muda wa siku mbili. Kuwait ilikombolewa kwa sababu wakubwa walikuwa na haja nayo, lakini majirani zake wadogo walikaa wakifikiri: nchi tajiri isiyo na watu wa kutosha kujilinda inategemea nini? Qatar ina raia wasiofika hata nusu milioni, wengine wote ni wageni wa kazi. Ndiyo maana ilihitaji kuwa nchi ambayo hakuna mtu duniani angeweza kusema haijui. Ilipokabidhiwa Kombe la Dunia la 2022, Desemba 2010, ilitumia miaka 12 kujenga viwanja, reli ya chini ya ardhi, barabara na mji mzima wa Lusail, na makadirio ya gharama zote hutajwa kuwa kiasi cha dola bilioni 200. Saudi Arabia, Emirati, Bahrain na Misri zilipoiwekea mzingiro Juni 2017, Qatar ilikuwa na marafiki, kambi ya jeshi la Marekani, gesi, na pia mashindano ambayo dunia ilikuwa imeshayawekea tarehe kwenye kalenda. Mzingiro ukaondolewa Januari 2021.

Sababu ya pili ni hesabu ya kesho. Mafuta yana mwisho, au yana soko lenye mwisho, na mwenye busara anataka watalii, mabenki na makampuni yazoee njia ya kwake kabla kisima hakijakauka. Hilo ndilo Saudi Arabia inalosema katika mpango wake wa Dira 2030, na ndilo lililoiletea Kombe la Dunia la 2034. Mwanamfalme Mohammed bin Salman alipohojiwa 2023 kuhusu lawama kwamba anatumia michezo kuosha sura ya nchi, hakukanusha sana. Alisema kama kuosha huko kunaongeza pato la taifa kwa asilimia moja, ataendelea.

Sababu ya tatu ndiyo mzizi wa zote, nayo inaeleweka Kampala vizuri kuliko Doha. Aprili 2024 wafanyabiashara wa jiji walifunga maduka, mtaa wa maduka wa Kikuubo ukawa kimya mchana, wakipinga mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi. Serikali ililazimika kukaa nao na kuwasikiliza, kwa sababu serikali inayokula kodi ya mwenye duka haiwezi kukaa muda mrefu duka likiwa limefungwa. Sasa fikiria serikali ambayo haihitaji kodi ya Kikuubo. Fedha yake inatoka kwenye bomba, inaingia benki kuu, na wanaoijua tarakimu yake ni maofisa wachache na makampuni ya kigeni. Mwenye duka akifunga, hakuna mkubwa anayekosa usingizi. Serikali ya namna hiyo inaweza kuamua asubuhi kujenga viwanja vinne na jioni ikatia saini mkataba, na hakuna mtu mwenye risiti mkononi wa kuuliza kwa nini. Wazee walishasema: mali bila daftari huisha bila habari.

Kwa hiyo mwenye mafuta hualika kwa kuwa ana kitu cha kununua, na hualika kwa wingi kwa kuwa hakuna anayemdai hesabu. Qatar ilijua inanunua nini, na kwa kipimo chake ilipata, ingawa gharama nyingine zililipwa na vibarua wa Nepal, India, Kenya na Uganda waliojenga na kulinda viwanja kwenye joto. Hatari iko kwa yule anayeiga karamu ya tajiri bila kujua tajiri alikuwa anatafuta nini. Hapo ndipo panapoingia kisa cha Angola, na hiki ndicho nataka wasomaji wa Uganda wakisome mara mbili.

Angola ilimaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe Aprili 2002, baada ya miaka 27. Mafuta yalikuwa yanauzwa vizuri, na serikali ikataka dunia ione kwamba nchi imepona. Ikaomba na kupewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2010. Makampuni ya Kichina yalijenga viwanja vinne vipya: Luanda, Benguela, Lubango na Cabinda. Hicho cha nne hakikuchaguliwa kwa bahati. Cabinda ni kipande cha Angola kilichotengwa na nchi nzima kwa ukanda wa ardhi ya Kongo, na sehemu kubwa ya mafuta ya Angola huchotwa katika bahari yake. Watu wake walikuwa wamelalamika kwa miaka kwamba utajiri unapita mbele ya macho yao kwenda Luanda, na kikundi cha FLEC kilikuwa msituni kikidai kujitenga. Uwanja ule ulijengwa useme kwamba Cabinda ni Angola, kwamba kuna amani, na kwamba mafuta yamewafikia waliozaliwa juu yake.

Tarehe 8 Januari 2010, siku mbili kabla ya mechi ya ufunguzi, timu ya Togo ilikuwa inaingia Cabinda kwa basi ikitokea Pointe-Noire, Kongo. Emmanuel Adebayor alikuwamo. Walipovuka mpaka tu, wapiganaji wa FLEC walilimiminia basi risasi. Wachezaji walilala chini ya viti kwa dakika nyingi huku walinzi wakijibu mapigo. Kocha msaidizi Abalo Amelete na msemaji wa timu Stanislas Ocloo walikufa. Golikipa Kodjovi Obilalé alipigwa risasi akanusurika, lakini kazi yake ya mpira ikaishia pale. Serikali ya Togo iliirudisha timu nyumbani, na Shirikisho la Soka Afrika, badala ya pole, likaifungia mashindano mawili, adhabu iliyokuja kuondolewa baadaye. Cabinda, jina ambalo mashabiki wengi wa soka duniani hawakuwahi kulisikia, lilisomwa kwenye taarifa za habari za kila bara kwa muda wa wiki nzima. Serikali ya Luanda ilitaka dunia ione uwanja. Dunia ikaona lalamiko ambalo uwanja ulijengwa kulifunika.

Mashindano yakaendelea. Siku ya ufunguzi jijini Luanda, Angola iliifunga Mali mabao manne bila majibu, na uwanja mzima ulikuwa unacheza. Dakika ya 79 Mali ikapata bao moja, likafuata la pili, na muda wa nyongeza ukaleta la tatu na la nne. Mechi ikaisha 4-4. Uchumi wa Angola ulikuja kwenda vivyo hivyo. Katikati ya 2014 pipa la mafuta lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilishuka chini ya dola 30. Nchi ambayo zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje ni mafuta ilijikuta ikikopa, na 2018 ikabisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Viwanja vya mikoani vilibaki vikubwa kuliko vilabu vya huko, na kuvitunza kukawa mzigo.

Gabon ilipita njia ile ile. Iliandaa Kombe la Mataifa 2012 pamoja na Guinea ya Ikweta, kisha ikalirudia peke yake 2017, bei ya mafuta ikiwa imeshaanguka na watu wakiwa bado na machungu ya uchaguzi wa Agosti 2016, uliofuatwa na vurugu na vifo. Uwanja mpya ulijengwa Port-Gentil, mji wa mafuta. Wapinzani waliwasihi watu wasiende, na mechi nyingi zikachezwa mbele ya viti vitupu. Agosti 2023 jeshi lilimtoa Ali Bongo, na watu wakajaa barabarani wakishangilia. Huko Guinea ya Ikweta, 2015, helikopta ya polisi ilishuka chini juu ya uwanja wa Malabo kutawanya mashabiki waliokuwa wanarusha chupa katika nusu fainali dhidi ya Ghana.

Turudi Uganda. Mafuta ya kibiashara yalithibitishwa 2006 katika bonde la Ziwa Albert, na wataalamu wanakadiria mapipa bilioni 1.4 yanaweza kutolewa. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji ulitiwa saini Februari 2022. Bomba la kilomita 1,443 limepangwa kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, na litabidi lipashwe joto njia nzima kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito yenye nta, yakipoa yanaganda. Tarehe ya pipa la kwanza imesogezwa mara nyingi. Tarehe ya kutumia haikusogezwa. Mwaka 2011 serikali ilichota dola milioni 740 kwenye akiba ya benki kuu ikanunua ndege za kivita za Urusi, kabla Bunge halijapitisha, kwa maelezo kwamba fedha za mafuta zitaziba pengo. Kisha Januari 2017 ikafichuka kwamba maofisa 42 waligawana shilingi bilioni 6 kama zawadi kwa kushinda kesi ya kodi dhidi ya kampuni moja ya mafuta huko London. Kesi ilikuwa ya nchi. Zawadi ikawa ya watu. Bunge lilichunguza, redio za Kampala zikapiga kelele, mwaka ukapita.

Septemba 2023 Uganda, Kenya na Tanzania zilikabidhiwa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kila moja ilitakiwa kulipa Shirikisho dola milioni 30 kwa ajili ya haki ya kuandaa. Uwanja wa Namboole ulikuwa tayari unafufuliwa, na hapa ni lazima tuwe wakweli: ulihitaji kufufuliwa. Uwanja ule uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 1997 uliachwa ukachoka hadi Shirikisho likaukataa, na timu ya taifa ikawa inacheza mechi zake za nyumbani Cameroon na Morocco. Mtu wa Bweyogerere aliyekuwa akisikia kelele za mashabiki kutoka kitandani kwake alilazimika kutafuta mechi ya nyumbani kwenye televisheni. Juni 2024 timu hiyo, Cranes, ilirudi, ikaifunga Botswana 1-0. Agosti 2025, katika mashindano ya wachezaji wa ligi za ndani, Namboole ilijaa. Uganda ilianza kwa kufungwa 3-0 na Algeria, ikasimama, ikazifunga Guinea na Niger, ikatoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini, kisha Senegal ikaitoa robo fainali kwa bao moja. Foleni ya barabara ya Jinja siku hizo haikumuudhi mtu. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na hakuna mwandishi anayepaswa kuikejeli.

Ila tazama ramani. Pamoja na Namboole, serikali iliamua kujenga viwanja viwili vipya: cha Lira, kitakachobeba jina la Akii-Bua baada ya ahadi za miaka mingi, na cha Hoima, chenye viti 20,000, kazi iliyopewa kampuni ya Kituruki ya SUMMA. Hoima ni mji wa mafuta. Bunyoro, eneo la Hoima, haina FLEC, wala simsingizii mtu nia ya kushika bunduki. Lakini ina watu waliokaa miaka wakisubiri fidia ya mashamba yaliyochukuliwa kwa ajili ya visima, kiwanda cha kusafisha mafuta na bomba. Ina ufalme unaouliza utapata nini. Na ina sheria ya 2015 inayoyapa maeneo ya uzalishaji asilimia 6 ya mrabaha, na Hazina asilimia 94. Mji wenye maswali hayo umeletewa uwanja. Cabinda na Port-Gentil pia zililetewa.

Funzo la kwanza, basi, ni kwamba uwanja haujibu swali ambalo haukuulizwa. Mwenye shamba la Buliisa, huko huko Bunyoro, akiuliza fidia, apewe fidia, na apewe kabla ya mechi ya ufunguzi. Hapo ndipo atakapokwenda uwanjani kama mwenyeji. Asipopewa, siku kamera za dunia zitakapofika kwake ndiyo siku atakayoona inafaa kusema, na hatalaumika.

Funzo la pili ni la daftari. Pipa lililoko chini ya ardhi si fedha. Ni matumaini yenye bei inayobadilika kila asubuhi. Gowon alialika kwa bei ya 1974, Angola kwa bei ya 2008, na wote walilipa kwa bei nyingine. Kama michezo inastahili, na mara nyingine inastahili, ilipwe kutoka kwenye bajeti ambayo mwenye duka wa Kikuubo anaijua na anaweza kuigombania. Akiridhika yeye kwamba kodi yake inafaa kujenga uwanja, jambo hilo ni halali. Asipoulizwa, fedha ikawa inatoka kwenye kisima anachokisikia redioni, tujue tumeshaanza kuagiza saruji.

Funzo la tatu linahusu wageni kuondoka. Nile Mansions ilipomaliza kuwalaza marais wa 1975, vyumba vyake viligeuzwa mahali pa kuhojia na kutesea watu. Leo ni hoteli ya Serena, iliyofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa 2006, mwaka mmoja kabla ya mkutano wa Jumuiya ya Madola, ambao nao uliiachia Kamati ya Hesabu za Umma ya Bunge kazi ya kuchunguza miaka mingi fedha zilivyokwenda. Kila sherehe ina mwaka unaofuata, na huo ndio unaopaswa kuandikiwa bajeti kwanza: nani atamwagilia nyasi za Hoima 2029, timu gani ya ligi itacheza pale, shule gani zitaruhusiwa kukimbia kwenye njia zake, na kiingilio kitakuwa kiasi gani. Wizara ikishindwa kujibu maswali manne hayo kwenye karatasi moja, haijengi uwanja.

La mwisho ni la wanariadha. Akii-Bua alivunja rekodi ya dunia akiwa amefanyia mazoezi Kampala, katika viwanja ambavyo Shirikisho lolote la leo lingevikataa. Septemba na Oktoba 2019 mashindano ya riadha ya dunia yalifanyika Doha, katika uwanja wa Khalifa uliokuwa unapulizwa hewa baridi kana kwamba ni ofisi. Marathoni ya wanawake ilianzishwa saa sita usiku kukwepa joto, na bado kati ya wakimbiaji 68 walioanza, 28 hawakumaliza. Viti vilikuwa vitupu usiku kadhaa. Katika karamu hiyo ya mwenye gesi, Halimah Nakaayi wa Uganda alishinda mita 800, na Joshua Cheptegei akashinda mita 10,000. Mwenye uwanja alilipa mabilioni. Uganda ilipigiwa wimbo wake wa taifa mara mbili. Qatar yenyewe ilishajua siri hiyo zamani: 2003 ilimchukua Mkenya Stephen Cherono, ikampa uraia na jina la Saif Saaeed Shaheen, naye akailetea ubingwa wa dunia mwaka huo huo. Uwanja unaweza kuununua kwa mwaka mmoja. Mkimbiaji anaanza akiwa na umri wa miaka kumi kwenye barabara ya vumbi ya Kapchorwa, na anahitaji kocha, viatu, chakula, mwalimu anayemruhusu kutoka darasani saa kumi, na daktari wa kumtazama goti.

Kwa hiyo Uganda iendelee kualika, mradi isialike kwa fedha ambazo haijazishika wala kwa ajili ya kumnyamazisha mtu. Mafuta yakianza kutiririka kwenda Tanga, hesabu ya mwezi wa kwanza ibandikwe ukutani pa kila ofisi ya wilaya, Buliisa na Hoima zikiwa za kwanza, ikionyesha kilichoingia na kilichotoka. Wananchi wakishaizoea karatasi hiyo, ndipo wapige kura kuhusu mashindano yajayo.